Ukanda wa Ngozi kwenye Mshale wa Baba

Mpaka leo siwezi kufungua kopo la vaselini bila moyo kunishtuka. Wenzangu wa rika langu, tuliolelewa London na wazazi waliotupaka mafuta mpaka tukang'aa kama sufuria mpya, wakisikia harufu hiyo hukumbuka asubuhi za shule, magoti, na mama akifoka kwamba hakuna mtoto wake atakayetoka nje akiwa amepauka. Mimi humkumbuka baba yangu akifa. Hakufa siku hiyo, na nasema hilo mapema ili msomaji asiteseke kama nilivyoteseka mimi. Lakini Jumamosi moja, nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, nilimfuata tangu asubuhi nikiamini kwamba anakufa, kwamba yeye mwenyewe hajui, na kwamba ninayejua ni mimi peke yangu.

Juzi nilivuta sanduku lake refu la mbao kutoka chini ya kitanda cha mama. Mishale bado imo, kila mmoja kichwa chake kimezungushiwa ukanda wa ngozi ya kahawia. Nilifungua ukanda mmoja na harufu ikanipiga usoni. Nikakaa sakafuni hapo hapo, mtu mzima mwenye watoto na mkopo wa nyumba, nikijipapasa vidole kuona kama nimejikata.

Tulikaa Kilburn, katika fleti ya kupanga juu ya duka la mapazia. Baba alikuwa fundi wa lifti. Mama alikuwa nesi wa shifti za usiku, kwa hiyo mchana nyumba yetu ilitembewa kwa ncha za vidole. Wote wawili walitoka Kitui, na baba hakuchoka kutukumbusha kwamba Wakamba ni watu wa upinde, ingawa yeye mwenyewe aliondoka nyumbani akiwa kijana na silaha aliyoizoea ni bisibisi. Kisha rafiki yake wa utotoni, Anko Kioko, akahamia Marekani, kwenye jimbo la milima, akaanza kumpigia simu habari za elki.

Elki ni jamaa ya kulungu, lakini kulungu aliyepitiliza. Anko Kioko alisema dume lake ni zito kuliko fahali wa kienyeji, na pembe zake ni matawi. Alisema huko mtu akilipia kibali anaruhusiwa kumwinda kwa upinde wa mti kama wa mababu, jambo ambalo Uingereza ni marufuku. "Njoo tumalize kazi ya wazee wetu," alimwambia baba, na baba, ambaye hakuwahi kuomba kitu chochote kwa ajili yake, akaanza kutaka.

Mama hakupendezwa. "Baba Mwende, kuku wamejaa madukani wameshachinjwa, wameshanyonyolewa, na bado wewe unataka kupanda ndege ukamfukuze mnyama mlimani?"

"Si kumfukuza. Mnyama wa mshale hafukuzwi."

"Haya. Lakini siku nitakayoona tone la damu jikoni kwangu, hiyo mishale yako inaenda kwa taka. Nimemaliza."

Mwende ni mimi. Siku hizo nilielewa kila neno lao na kuwajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa mtaa wetu. Hapa nayaandika majibu yangu kwa Kiswahili, kwa sababu ndivyo ninavyoyasikia sasa.

Kuchagua mishale kulichukua majira yote ya baridi, na kulifanyika juu ya meza ya kulia. Baba aliagiza nyuti tupu za mbao, yaani vijiti vya mishale visivyo na vichwa, akaziviringisha moja moja mezani akiwa ameinama jicho likiwa sawa na ubao, na ile iliyocheza hata kidogo akaiweka kando. Zilizobaki alizipinda juu ya goti kupima ugumu. Uti laini mno, alinieleza, upinde wenye nguvu utautikisa kama mkia wa mjusi. Mgumu mno utaenda upande. Halafu akazipima kwa mizani ya keki ya mama. Alitaka mzito. "Mshale mwepesi una mbio, lakini ukigonga mbavu za elki unaishia hapo, na mnyama anaondoka na maumivu yake. Mzito unakwenda polepole ila unapita." Vichwa vilivyokuwa na makali matatu alivirudisha dukani, akachagua vipana vya makali mawili, kwa sababu hivyo angeweza kuvinoa mwenyewe kwa tupa na jiwe mpaka vikanyoa malaika ya mkononi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mabaka yasiyo na nywele kuanzia Januari hadi Pasaka.

Nilipenda kumwangalia, mpaka siku alipoanza kufunga.

Alikuwa na kanda nyembamba za ngozi. Kila kichwa alichomaliza kukinoa alikipaka kitu kwa kitambaa, akiwa amenipa mgongo pale penye mwanga wa dirisha, kisha akakizungushia ukanda kuanzia ncha kwenda chini, kwa mzunguko wa haraka wa kidole gumba, akaufunga kwa uzi. Nilipouona mzunguko ule nikarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimeuona kabla. Susu alinionyesha.

Susu ni bibi, mama yake baba. Mwaka uliotangulia alikuja kukaa nasi, akalala kitandani kwangu, miguu yake ikiwa baridi kama samaki, na kila jioni kabla ya kulala alinisimulia habari za marehemu mumewe mwindaji. Alichukua kalamu yangu ya kuandikia, akaizungushia soksi, akasema: ukiona mshale umefungwa ngozi, huo una sumu. Ngozi ni ya kuifanya isikauke. Usiuguse, hata kwa mchezo, kwa maana mkwaruzo tu unatosha. Na mnyama aliyekwaruzwa, mjukuu wangu, haanguki. Anaendelea kula majani kama hakuna kitu. Baadaye anatafuta maji. Baadaye anatafuta kivuli. Halafu analala.

"Na mwindaji?" niliuliza.

"Anamfuata. Polepole, bila kelele. Akimharakisha, mnyama atakimbia, na sumu itakimbia naye. Lakini haruhusiwi kumwacha. Kumwacha mnyama wako afe peke yake, hiyo ni aibu ya kukukuta mpaka kwa mlango wako."

Kisha Susu akarudi Kitui, na mimi nikabaki na maarifa yangu. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Wanasema wasiwasi ndiyo akili. Kama ni kweli, nilipaswa kuwa profesa nikiwa na miaka saba.

Jumamosi hiyo mama alikuwa amelala baada ya shifti. Baba alikuwa akifunga mshale wa mwisho kabla hatujatoka kwenda mazoezini, nami nilikuwa nakula mkate wangu upande wa pili wa meza. Mkono ukamteleza. Alivuta pumzi kwa meno, akatia kidole mdomoni, na nikaona damu kwenye midomo yake.

"Baba!"

"Shhh. Ni mkwaruzo tu." Alitumia neno lile lile la Susu. Akakifunga kidole kwa karatasi ya jikoni, akafuta meza, akafuta tena, kisha akaniangalia kama mwenzake wa wizi. "Mama yako asijue, sawa? Ataitupa yote."

Nikasema sawa. Yeye akapiga mluzi akienda kutafuta viatu. Aliendelea kula majani kama hakuna kitu.

Sijui watu wazima hufanya nini wanapopata habari ya namna ile. Mimi nilienda kumfunika mwanasesere wangu shuka mpaka shingoni, nikamwambia kwaheri, nikavaa koti. Sikuweza kumwamsha mama, maana nimeahidi, na tena nilijua kutoka kwa Susu kwamba sumu ile haina dawa. Ningemwambia mama ingekuwa kumharakisha baba. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kile anachofanya mwindaji. Nitamfuata. Sitamwacha hata kwa choo.

Mazoezi yalikuwa Stanmore, mwisho wa reli, kwenye uwanja wa nyasi wa chama cha wapiga upinde. Baba alibeba upinde kwenye mfuko mrefu, na mishale ya mazoezi yenye ncha butu; ile iliyofungwa ilibaki sandukuni. Kufika stesheni ilibidi tupande kilima cha barabara kuu, na baba alikuwa mtu wa hatua ndefu. Nikakumbuka kwamba hatakiwi kukimbia. Nikaanza kuchechemea.

"Una nini?"

"Mguu unauma. Twende polepole."

"Pole, mama. Njoo." Na kabla sijapinga alinitupa mgongoni, akapanda kilima kile akiwa na mimi, na upinde, na mkoba wa chakula, akihema karibu na sikio langu kama punda wa maji. Nikalia kimyakimya ndani ya kola ya koti lake. Nilikuwa nimemuua upesi zaidi.

Kwenye treni alifungua chupa ya maji akainywa yote. Nikageuza uso dirishani ili asione macho yangu. Maji, tayari.

Langoni pa uwanja alikaa Mzee Ramji, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, mstaafu, ambaye alishika funguo za chama na kuzungumza nasi Kiswahili chake cha dukani kwa furaha ya mtu aliyekutana na nguo yake ya zamani. Alimpenda baba. Siku hiyo alimwangalia akipiga mishale mitatu, yote ikaenda pembeni kwa sababu ya kile kidole, akatikisa kichwa.

"Kimwele, leo mkono yako iko wapi? Iko Marekani tayari?"

"Nimechoka tu, Mzee. Wiki nzima nilikuwa ndani ya shimo la lifti."

"Basi kaa kivuli kidogo. Pumzika."

Baba akaweka upinde chini, akaenda kwenye kivuli cha kibanda cha vifaa, akakaa.

Nilibaki nimesimama kwenye jua, macho kwake. Mzee Ramji aliniletea biskuti akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana. Nilitamani kumwambia ndiyo, Mzee, piga simu, lete helikopta, lakini niliona kwamba akijua atapiga kelele, na kelele ndiyo mbaya. Nikaenda nikakaa karibu na baba, bega kwa bega. Alikuwa na joto. Jasho lilikuwa kwenye mdomo wake wa juu. Nilimwuliza kama anakumbuka siku tuliyoenda kuona bahari, akasema anakumbuka. Nikamwuliza kama alifurahi, akasema sana, kwa nini? Nikasema basi tu. Nilifikiri mtu anafaa kukumbushwa mambo mazuri kabla.

Tukarudi alasiri. Treni ilikuwa imejaa wanunuzi na mifuko yao. Tulipata viti viwili, na kabla hatujapita stesheni ya pili baba akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho.

"Baba, usilale."

"Dakika mbili tu."

"Baba, niambie habari za elki."

"Mmh."

Nikamvuta mkono wa koti. Nikamfinya. Taya lake likalegea na kichwa kikaanguka kifuani, na mkono wenye karatasi ya jikoni ukateleza kutoka kwenye paja, ukaning'inia. Karatasi ilikuwa na doa jeusi. Subira yote niliyokuwa nimeikusanya tangu asubuhi ikapasuka. Nilisimama juu ya kiti, mimi niliyekuwa naona haya mama akiniita jina langu la Kikamba mbele ya watu, nikapiga ukelele kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Baba anakufa! Jamani, baba yangu anakufa!"

Hakuna aliyeelewa maneno, lakini wote walielewa. Mwanamke mmoja akavuta kile kishikio cha dharura. Mlio ukaanza. Treni ikaingia stesheni ikakwama hapo, milango wazi, na baba akaamka katikati ya duara la nyuso za wageni, mfanyakazi wa reli akimshika bega na kumwuliza kama anamsikia, na binti yake akiwa amemng'ang'ania shingo kiasi cha kumkaba.

Alikuwa akiomba radhi bado tuliposhuka Kilburn kutoka treni iliyofuata, ingawa waliotakiwa kuombwa radhi walikuwa wameshaenda na treni yao. Hakunifokea. Alitembea nami mpaka mbele ya bucha, akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mwende. Nani amekuambia nakufa?"

"Susu."

"Susu amepiga simu?"

Nikamweleza. Yote, ngozi na kalamu na soksi, maji na kivuli, na mguu ambao haukuwa unauma. Nilieleza nikilia, kwa hiyo ilichukua muda, na watu walitupita na nyama zao. Nilimwona akianza kutabasamu na kisha tabasamu likamwishia njiani.

"Kwa hivyo umenifuata siku nzima."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua hakuna dawa."

"Ndiyo."

"Sasa ulikuwa unanifuata kwa nini?"

"Usife peke yako."

Baba aliinuka. Halafu akanibeba, safari hii bila kuniuliza habari ya mguu, mpaka nyumbani.

Jikoni alifungua sanduku, akatoa mshale, akafungua uzi na ukanda mbele yangu. Kichwa kiling'aa. Kutoka rafu ya juu akashusha lile kopo la vaselini ambalo mama alitumia kunipaka kila asubuhi; ukingoni mlikuwa na alama za vidole vyake vyenye vumbi la chuma. London ni mji wa unyevu, alisema, chuma kisichopakwa mafuta kinapata kutu wiki hiyo hiyo. Akachota kidogo, akanipaka goti la kulia, akachota tena, akanipaka la kushoto, kisha akajipaka mwenyewe midomo.

"Kama ni sumu, tumekufa wote."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio tena. Alinishika mpaka kikaisha. Kisha akauangalia ule ukanda mkononi kama kitu kilichookotwa.

"Mafuta yanatosha," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Ngozi haina kazi hapa. Sijui hata kwa nini nimefunga. Baba yangu alifunga hivi, na mikono yangu ikafunga." Akauweka mezani. "Hukukosea, mama. Ulisoma vizuri. Ni mimi niliyeandika uongo."

Wakati huo mama akatokea mlangoni, kilemba upande, usingizi machoni. Aliangalia machozi yangu, akaangalia kidole cha baba chenye karatasi yenye damu, na nikajua mishale imeisha. Lakini macho yake yalikuwa yamefika kwenye ukanda.

"Baba Mwende. Huo si mkoba wangu?"

Ulikuwa mkoba wake. Ule mzuri wa kahawia aliodhani aliusahau kwenye basi. Ugomvi uliofuata ulikuwa mtamu kuliko muziki, kwa sababu unagombana tu na mtu ambaye ataishi.

Marekani alienda hatimaye, nikiwa nimeshaanza sekondari. Alirudi na mishale yake yote. Mama akamtania kwamba amelipa nauli kuitembeza mishale ikaone dunia. Baba alicheka, lakini mimi aliniambia pembeni kwamba elki alimwona, dume, karibu kiasi cha kusikia akitafuna. Jua lilikuwa linazama na theluji ilikuwa imeanza, na alijua akimpiga hataweza kumfuata mpaka mwisho. Akashusha upinde. Akakaa pale akimwangalia mpaka akaondoka mwenyewe. Baada ya hapo aliifunga mishale tena kwa ngozi, vile vile, ingawa alishasema haina kazi.

Alipougua, aliugua kwa namna ya Susu. Kwanza aliendelea kula kama hakuna kitu. Baadaye alianza kuomba maji, maji kila mara. Baadaye akaomba pazia lifungwe, mwanga unamwumiza. Nilikuwa mtu mzima, najua majina ya dawa na ya madaktari, na bado nilihesabu dalili kama siku ile kwenye treni. Niliomba likizo kazini nikakaa kando ya kitanda chake hospitalini. Nesi aliniambia midomo yake isiachwe ikauke, nimpake kitu. Nikatoa kopo kwenye mkoba wangu, nikachota kwa kidole, nikampaka.

Alikuwa hajazungumza tangu asubuhi. Alifumbua macho, akaonja midomo, akanitafuta.

"Sumu hiyo?"

"Vaselini, Baba."

Kona ya mdomo wake ikapanda kidogo. Akafumba macho, na mkono wake, ule wenye kovu kidoleni, ukaja juu ya wangu.

"Basi nifuate," alisema. "Polepole."